Kugusa Si Kubonyeza

Rwamgasa, Geita
Jumatano, 3 Aprili 2024

Kaka Sostenes,

Shikamoo.

Jana asubuhi Bwana Fredy, ofisa usalama wa mradi wa kompyuta za mashimoni, alisimama kwenye ngazi ya ofisi ya machimbo akasema, mbele ya watu wasiopungua sitini, kwamba mimi ndiye niliyemtoa mchimbaji Masalu shimoni kwenye kompyuta wakati Masalu mwenyewe yumo ndani. Akasema mtaalamu wa kompyuta amethibitisha kuwa mashine haina hitilafu, kosa ni la mtumiaji. Nimesimamishwa kazi kuanzia jana.

Nilipita kwa Mama kule Ushirombo wiki iliyopita. Hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda mlima wa kanisani. Mvua zimekuwa nyingi, karanga zimeoza shambani. Ameuliza kama kuna mtu amekukataza kumpigia simu. Wanangu wazima. Nisalimie wifi Loveness na watoto.

Sasa nitakueleza kana kwamba hujui chochote, kwa sababu sijui unajua nini.

Alhamisi tarehe 14 Machi waliingia watu saba kwenye duara namba tano, shimo letu. Kazi yangu unaifahamu: nakaa mezani mdomoni mwa shimo, mtu akiingia nabonyeza jina lake linakuwa jekundu, akitoka nabonyeza tena linakuwa kijani. Saa tisa kasoro robo mchana udongo ulishuka. Sita walitoka wakikimbia, wote nikawabonyeza. Mzee Bujiku, msimamizi wa duara, akaja akaniuliza nani amebaki. Nikatazama skrini. Majina saba, yote kijani. La Masalu lilionyesha ametoka saa saba na dakika nane. Nikamjibu hakuna aliyebaki. Wenzake hawakubisha, maana Masalu alikuwa peke yake kwenye njia ya pembeni na ilikuwa siku ya mnada. Wakasema atakuwa kaenda mnadani. Saa kumi jioni wakaacha kumwulizia. Kesho yake saa tatu asubuhi, waliokwenda kuzoa kifusi walisikia mtu anagonga bomba la hewa. Alikaa chini saa kumi na nane na robo, mguu wa kulia ukiwa umebanwa na gogo la kuegemeza ukuta. Umekatwa juu ya goti.

Saa saba na dakika nane nilikuwa naandika jina la mchimbaji mpya, mikono yote miwili ikiwa kwenye herufi. Sikubonyeza jina la Masalu.

Tarehe 11 Februari nilikutumia ujumbe kwenye simu: "Kaka, mshale unabonyeza wenyewe nikipitisha kiganja juu ya kibao cha kugusia kilicho chini ya herufi. Naomba unizimie." Ulinijibu: "Nyanyua kiganja. Wenzako kumi hawajalalamika." Ujumbe huo ninao. Kuzima mwenyewe siwezi, umeweka kufuli na nenosiri unalo wewe.

Nina maswali mawili. Nani aliamua kwamba ukigusa tu kile kibao iwe umebonyeza? Na huyo mtaalamu aliyethibitisha ni nani? Mtaalamu wa kompyuta wa mradi ninayemfahamu ni mmoja.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nimekupigia simu mara nne hukupokea, na maneno ya simu hayakai kwenye faili. Barua hii anakuja nayo Mwita, dereva wa lori la saruji la Isaka. Atampa wifi mkononi. Akirudi apewe jibu lenye sahihi.

Mdogo wako,
Apolonia Telesphori


Ngokolo, Shinyanga
Ijumaa, 19 Aprili 2024

Mdogo wangu Apolonia,

Marahaba. Barua yako nilikabidhiwa tarehe 8, nikashindwa kujibu mapema kwa sababu ya safari za kazi. Huku hatujambo. Loveness mwaka huu amepewa darasa la tatu, watoto tisini na mmoja, sauti imemkauka. Mdogo alikuwa na malaria, amepona. Maji Ngokolo yanatoka siku mbili kwa wiki. Nitampigia Mama.

Pole kwa yaliyokukuta, na pole kwa Masalu na familia yake.

Kuhusu kompyuta, nikuelimishe kidogo ili usiwe na dhana. Mashine hizi hazina vile vitufe viwili vya pembeni vya kompyuta za zamani. Kibao chote ni kitufe. Ukikikandamiza chini upande wa kushoto ni kitufe cha kushoto, ukikandamiza upande wa kulia ni cha kulia, lakini ndani yake kuna swichi moja tu, ndogo kuliko punje ya mtama. Vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, likiingia hapo, swichi inakwama. Mashine mbili za majaribio zilikwama ndani ya wiki tano. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba mashine zote kumi na moja zitoke hapa zikiwa na mpangilio mmoja: kidole kimoja kikigusa kwa wepesi kihesabiwe kitufe cha kushoto, vidole viwili kitufe cha kulia, ili makarani wasilazimike kukandamiza. Na iliamuliwa zifungwe kwa nenosiri, kwa sababu kila karani akichezea mpangilio wake, fundi hataweza kuzihudumia. Huo ni utaratibu wa kawaida kila mahali.

Mpangilio wa aina hiyo hauna kosa. Unahitaji mazoea. Kiganja kinatakiwa kiwe juu wakati wa kuandika.

Ushauri wangu kama kaka: usibishane na Bwana Fredy. Andika barua ya kuomba radhi, useme ulichoka. Mradi una watu waelewa. Utapewa onyo, mwezi wa saba utarudi mezani.

Na tafadhali, mambo haya tusiyaweke kwenye karatasi. Nipigie jioni baada ya saa moja, nitapokea.

Kaka yako,
Sostenes


Rwamgasa
Jumapili, 28 Aprili 2024

Kaka Sostenes,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Alisema ulimpigia na mkaongea dakika tatu, zote za goti. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mjomba amekuja kuangalia shamba la chini, akalikataa.

Nimekusoma mara nne. Nilikuuliza nani aliamua, ukanijibu "iliamuliwa". Nilikuuliza mtaalamu ni nani, hapo hukuandika hata neno moja. Mistari kumi umetumia kunieleza vumbi. Vumbi nalijua, nalikohoa. Na hapo mwisho unanishauri niandike kwamba nilichoka. Sikuchoka. Nilikuwa naandika jina la mtu, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa na wewe kwenye ile semina ya siku mbili ambapo hukutaja hata mara moja kwamba kiganja kinabonyeza.

Swichi ikikwama, unapoteza swichi. Swichi ile ilikuwa na thamani gani, kaka, kiasi kwamba ukaona ni afadhali mashine ikubali mguso wowote wa mtu yeyote?

Wifi Loveness alinipigia Jumapili iliyopita kunipa pole. Nikamuuliza ile kompyuta yenu ya nyumbani ikoje kwenye kibao. Akacheka. Akasema: "Ile? Siku aliyoinunua, hata intaneti hajaweka, alianza kuzima hilo la kugusa. Anasema linamrukia, mara barua imefutika, mara imetumwa kabla hajamaliza. Yetu mpaka ukandamize kweli."

Usimgombeze. Hakujua kwa nini nauliza.

Kwa hiyo wewe nyumbani kwako, kwa barua zako na picha za watoto, ulizima. Huku kwenye mdomo wa shimo, ambako jina moja ni mtu mmoja, ulikuta limezimwa au limewashwa? Najua ulilikuta limezimwa, kwa sababu karani wa duara namba tatu alizifungua mashine zilipofika Katoro kabla hazijaletwa kwako, na yake ilikuwa haikubali kubonyeza mpaka uikandamize.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Ulitufundisha mwenyewe kwamba programu inaandika kila tendo hadi sekunde, na kwamba kumbukumbu hiyo inafunguka kwa nenosiri lako. Fungua siku ya tarehe 14 Machi, saa saba na dakika nane. Chapisha ukurasa huo. Chapisha na ule unaoonyesha mpangilio wa kibao ulibadilishwa lini na nani. Karatasi mbili, uweke sahihi, umpe Mwita.

Mashine yangu imefungiwa ofisini, lakini kumi nyingine bado ziko hivyo hivyo leo. Leo ni Jumapili watu hawachimbi. Kesho wanaingia.

Apolonia


Rwamgasa
Alhamisi, 16 Mei 2024

Sostenes,

Shikamoo sitaandika leo.

Mwita amepita hapa mara mbili bila kitu. Juzi Mzee Bujiku alipewa faili langu alisome kama msimamizi, akaniruhusu nisome naye. Ukurasa wa tatu ni taarifa ya fundi kwa Bwana Fredy. Nainakili yote, haikunichukua muda:

"Nimekagua mashine ya duara namba tano. Mashine haina hitilafu. Mpangilio wa kibao ni wa kawaida. Tukio la tarehe 14 Machi limesababishwa na kosa la mtumiaji."

Tarehe 18 Machi 2024. Sahihi ni ile uliyoweka kwenye cheti changu cha semina.

Tarehe 18 Masalu alikuwa bado hajapewa kitanda hospitali. Walikuwa wamemlaza chini.

Mzee Bujiku alisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Huyu Sostenes Telesphori ni ndugu yenu wa upande gani?" Nikamwambia ni mtoto wa mama yangu. Akasema, "Basi huyo anakufahamu kuliko mradi."

Apolonia


Ngokolo
Alhamisi, 30 Mei 2024

Apolonia,

Nimekuwa kimya kwa sababu nilitaka hasira inipungue. Haijapungua, kwa hiyo naandika nayo.

Umeninyima shikamoo kwa maandishi. Kwa mdomo ningesema umeteleza. Umekaa, umeshika kalamu, umeandika kwamba hutanisalimu, ukampa dereva wa lori alete mpaka nyumbani kwangu, mke wangu akaisoma kabla yangu. Tangu baba afariki ni mimi niliyekupeleka shule. Ada ya kidato cha nne niliitafuta kwa kubeba mizigo Isaka, behewa kwa behewa. Sijawahi kukusimanga kwa hilo hadi leo. Mama nimemweleza. Amelia.

Unazungumza kama vile mimi ndiye niliyeangusha udongo. Mimi ni fundi wa mkataba. Naambiwa weka, naweka. Naambiwa andika, naandika. Hujui ofisi zinavyokwenda. Ukiandika taarifa ya kurasa kumi hakuna anayesoma, wanataka mistari mitatu kabla ya saa sita. Jina lako halikuwepo kwenye karatasi ile. Niliandika "mtumiaji".

Na kama mshale ulikuwa unabonyeza wenyewe tangu Februari, kwa nini hukuacha kuitumia? Kwa nini hukurudi kwenye daftari? Ulikuwa na macho. Mdomo wa shimo uko mita sita kutoka mezani kwako.

Loveness haongei nami tangu jana. Umefanikiwa.

Sostenes


Rwamgasa
Jumapili, 9 Juni 2024

Sostenes,

Mama alinipigia. Hakulia kwa sababu ya shikamoo. Alimlilia Masalu, na hata hivyo alidhani ni mmoja wa wale vijana wanaochimba vichakani mbali, hakujua ni mjukuu wa bibi jirani yake anayemkanda goti. Hilo hukumweleza.

Umeandika mambo mengi kwa hasira, na moja ni la kweli. Nitalifikia.

Jumatano nilikwenda kwa Masalu. Ameshatoka hospitali, yuko kwake, amekaa kizingitini na magongo mawili ya mti wa msasa yaliyochongwa na shemeji yake. Mkewe, Scolastika, alikuwa anapepeta mchele. Sikuwa nimekwenda tangu Aprili kwa sababu niliambiwa na watu wa ofisi nisikanyage pale. Na kwa sababu niliogopa.

"Mwangaluka, karani," akanisalimu kwa Kisukuma. "Hebu nisaidie. Hapa nilipo niko ndani au niko nje?"

"Uko nje," nikamjibu.

"Hakikisha. Mara ya kwanza uliharakisha."

Scolastika akasema bila kuinua uso, "Masalu, mwache akae kwanza ndipo umchome."

Nikakaa. Nikamweleza habari ya kibao, kidole kimoja, vidole viwili, kiganja, kufuli, kaka yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kitu ambacho Bwana Fredy hakuuliza, wewe hukuuliza, na mimi sikumwandikia mtu yeyote.

"Katambuga zangu siku hiyo zilikuwa wapi?"

Wewe hujui desturi ya shimoni, kwa hiyo nakueleza. Mchimbaji haingii na viatu vyake vya barabarani. Anavaa buti, na katambuga zake, zile sendo za tairi, anazitundika kwenye kamba mdomoni mwa shimo. Akipanda anazivaa. Hivyo ndivyo walivyohesabiana kabla ya kompyuta: jozi iliyobaki kwenye kamba, mwenyewe yuko chini. Januari mradi ulikataza kamba kwa kuwa ni uchafu mbele ya wageni, na kwa kuwa sasa kuna mfumo. Watu waliendelea kutundika, mimi nikawa natazama pembeni.

"Zilikuwa kwenye kamba," nikamwambia.

"Uliziona?"

"Niliziona."

"Kabla Bujiku hajakuuliza, au baada?"

"Kabla."

Scolastika aliacha kupepeta. Masalu akawa anasugua ncha ya gongo kwenye kizingiti. Kisha akasema, "Na ukamwambia hakuna."

"Skrini ilikuwa kijani. Nikasema labda umekwenda mnadani na buti."

"Nani anakwenda mnadani na buti, Apolonia."

Hakupaza sauti. Nilipoinuka kuaga akasema, "Kaandike na hiyo. Ya kaka yako sitaki kuisikia peke yake."

Basi nimeiandika. Umeniuliza kwa nini sikutumia macho. Niliyatumia, nikaona jozi ya sendo ambayo kila mtu wa hapa anajua maana yake, nikaiamini rangi ya skrini kuliko jozi hiyo, kwa sababu nilifundishwa siku mbili kwamba skrini haisahau. Kibao kilimgeuza Masalu kuwa kijani. Mdomo wangu ndio uliosema hakuna. Hayo ni makosa mawili na yana wenyewe wawili. Nimeacha kulificha langu.

Wewe bado unaniambia uliandika "mtumiaji" badala ya Apolonia, kana kwamba ni zawadi. Meza ile ina mtumiaji mmoja.

Ada uliyonilipia naikumbuka. Nilisoma kwa ada hiyo ndiyo maana naweza kusoma ukurasa wa tatu.

Kamati ya uchunguzi imeniandikia. Itakaa mwezi wa saba, tarehe watatangaza. Ikithibitika kwamba nilibonyeza kwa makusudi au kwa uzembe, sitaandikwa kazi kwenye machimbo yoyote tena, na huenda nikapelekwa polisi. Sikuombi huruma. Nakuomba karatasi mbili. Nimeziomba tangu Aprili.

Apolonia


Ngokolo, Shinyanga
Alhamisi, 27 Juni 2024

Mdogo wangu Apolonia,

Mama alikuja hapa kwa basi tarehe 15 bila kutuarifu. Alikaa siku tano. Alikula chakula cha Loveness, akasali na watoto, mimi hakuniambia kitu chochote zaidi ya salamu. Asubuhi ya kuondoka aliweka mezani barua zako zote, alizopewa na Loveness, zimepangwa kwa tarehe, akaondoka.

Nimefungua kumbukumbu. Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili ulizoomba, kila moja ina sahihi yangu na muhuri. Yaliyomo ni haya.

Karatasi ya kwanza. Tarehe 14 Machi, saa saba, dakika ya nane, sekunde ya kumi na nne: herufi inaandikwa. Sekunde ile ile ya kumi na nne: mguso mmoja mwepesi kwenye mstari wa Masalu, anakuwa kijani. Sekunde ya kumi na tano: herufi nyingine mbili zinaandikwa. Mtu hawezi kuandika na kuelekeza kidole ndani ya sekunde moja. Kilikuwa kiganja.

Karatasi ya pili. Mpangilio wa kibao kwenye mashine kumi na moja. Zilikuja kugusa kukiwa kumezimwa. Tarehe 4 Januari kuliwashwa kote, na kufuli likawekwa. Jina la aliyebadilisha ni sostenes. Hakuna aliyeniamuru. Hilo "iliamuliwa" lilikuwa mimi, mezani kwangu, baada ya chakula cha mchana. Sababu ya vumbi ni ya kweli. Lakini nilijua kibao kinavyoruka, ndiyo maana changu nilikizima, na sikufikiria hata kidogo kwamba huko kinaruka juu ya majina ya watu. Nilifikiria swichi.

Sasa yale usiyoyajua.

Nilikujibu kwamba wenzako kumi hawajalalamika. Siku uliponiandikia walikuwa wameshalalamika wawili. Kufikia mwisho wa Februari mlikuwa wanne. Niliandika kwenye daftari langu, sikupeleka juu, kwa sababu tarehe 22 Machi mradi ulikuwa unasaini awamu ya pili, mashine arobaini, na fundi aliyetajwa kwenye makaratasi ni mimi.

Taarifa ya tarehe 18 Machi niliiandika bila kufungua kumbukumbu. Bwana Fredy alipiga simu saa nne asubuhi, saa nne na dakika ishirini nilikuwa nimeshatuma. Nilijua ni wewe uliyekaa meza ile. Sikufungua kwa sababu nilijua nitakachokikuta.

Jumamosi iliyopita nilichukua kompyuta ya aina ile ile, nikawasha kugusa, nikampa Loveness majina yote tisini na moja ya darasa lake ayaandike akitazama karatasi. Nilimwambia anyanyue kiganja, kama nilivyokuambia wewe. Hadi anafika jina la mwisho, kiganja kilikuwa kimebonyeza mara tisa. Alipotazama hesabu aliniambia, "Tisa. Na mimi nimekaa kwenye kiti kizuri, chini ya feni."

Jumatatu hadi jana nilikuwa barabarani na pikipiki. Nimezima kugusa kwenye mashine saba kati ya kumi. Bwana Fredy alinikuta kwenye ya nane, akaniuliza nani ameniruhusu. Nikamwambia hakuna. Akabadilisha nenosiri mbele yangu na kunisimamishia mkataba. Zimebaki tatu: duara namba mbili, namba nane na namba kumi. Waonye.

Nimeiandikia kamati kwamba nafuta taarifa yangu, na nimeomba nisikilizwe. Habari ya katambuga sitaigusa. Ni yako.

Maneno ya kukuomba radhi nimeyaandika mara tatu nikayachana. Yalikuwa yananihusu mimi.

Kaka yako,
Sostenes Telesphori


Rwamgasa
Jumatatu, 1 Julai 2024

Kaka Sostenes,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu Mama ameniambia niiandike. Usiipe maana zaidi ya hiyo.

Karatasi zimefika zikiwa kavu, Mwita alizifunga kwenye mfuko wa saruji. Mzee Bujiku amezisoma na kuweka sahihi kwamba ameziona. Nakala moja anayo yeye, moja ninayo mimi, moja imekwenda kwa Masalu.

Kuhusu zile mashine tatu: juzi mchana nilikwenda kwa makarani wake. Karani wa namba nane alinicheka, akasema nimekuja kumwambukiza mkosi. Nikamwambia aandike jina lake mwenyewe mara ishirini huku mshale umekaa kwenye orodha. Mara ya sita mtu mmoja akageuka kijani, na mtu huyo tulikuwa tunamsikia anapiga nyundo chini. Akaacha kucheka. Mzee Bujiku amenunua vipanya vitatu vya waya Katoro, na juu ya vile vibao tumebandika vipande vya boksi kwa gundi ya viatu. Bwana Fredy anasema tumeharibu mali ya mradi. Kamati imemwandikia ajibu kwa maandishi kwa nini mashine hizo bado zimewashwa. Hajajibu.

Bado nina hasira na wewe. Tarehe ulizoandika zinaonyesha tangu Masalu afunikwe ulikuwa na miezi mitatu ya kufanya kitu kilichokuchukua, kwa maelezo yako mwenyewe, siku tatu. Miezi hiyo watu waliingia kwenye yale mashimo mengine kumi kila siku ya kazi. Hakuna mwingine aliyefunikwa. Hiyo si kazi yako wala yangu.

Kamati imetangaza. Kikao ni Jumanne tarehe 9 Julai, saa tatu kamili asubuhi, ofisi ya kijiji. Anaanza Bwana Fredy. Saa nne ni mimi. Nitaeleza kwamba niliona jozi ya Masalu kwenye kamba na nikasema hakuna aliyebaki. Saa tano ni wewe. Masalu ameomba akae mstari wa mbele, wamemkubalia, na Scolastika atakuwa pembeni yake. Utawajua.

Usije kunitetea. Njoo useme lako. Basi la kwanza la Shinyanga halifiki Katoro kabla ya saa sita, kwa hiyo ondoka Jumatatu tarehe 8.

Apolonia Telesphori